Maji ya Lofoi: siku moja nyuma ya mlinzi wa parke

Wewe unayekaa Kipushi, Likasi, Kambove ao katika moja ya kampi za Lubumbashi, jina la Kundelungu si geni kwako. Kama baba yako alifanya kazi ya kupima mawe, alilisikia kila siku. Wajiolojia waliyapa mawe ya nchi yetu majina: Roan, ile inayobeba shaba nyingi, na juu yake mawe mengine, mpaka kufika Kundelungu. Wengi wanafikiri ni jina la vitabu vya mine tu. Lakini Kundelungu ni mlima, mashariki ya mto Lufira, bapa juu kama meza, na juu yake kunapita metre 1,600 kutoka usawa wa bahari. Wale waliochimba Likasi na Kolwezi wanajua namna mawe ya kule yalivyokunjwa kama nguo iliyotupwa chini. Kule Kundelungu hayakukunjwa. Yamelala, moja juu ya lingine, kama vitabu mezani.

Ni kwa sababu hiyo maji ya Lofoi yanaanguka namna yanavyoanguka. Mto unatembea polepole juu ya meza, katikati ya majani, hauna haraka. Kisha meza inakwisha. Hakuna mteremko, hakuna ngazi. Maji yanatupwa chini zaidi ya metre 340 kwa mruko mmoja. Wenyeji wanayaita Kaloba.

Wewe wa Lubumbashi, tazama ile cheminée kubwa ya Gécamines, yenye metre karibu 150. Weka nyingine juu yake. Bado hujafika pale maji yanapoanzia. Mosi-oa-Tunya, ambayo watu wanavuka mpaka wa Zambia kwenda kuiona na kulipa dolari nyingi, ina metre 108 tu, ingawa ni pana sana na maji yake ni mengi kuliko ya Lofoi mara nyingi. Utasikia pia watu wakijisifu kwamba Lofoi ni ya kwanza kwa urefu katika Afrika nzima. Hapana, tusidanganyane: Tugela, kule Afrika ya Kusini, inapita metre 900. Yetu inatosha bila kuiongezea.

Sasa, ukitaka kwenda na jamaa yako, ao na vijana wa kanisa, jambo la kwanza ni majira. Wengi wanakwenda Agosti ao Septemba, sababu ni likizo na barabara ni kavu. Wanafika, wanainua kichwa, wanaona uzi mweupe unaopeperushwa na upepo, na maji mengine yanageuka ukungu mbele ya kufika chini. Wanarudi wakisema wamedanganywa. Mto hauna kosa, juu hakuna mvua tangu Aprili. Na katikati ya mvua, Januari na Februari, maji ni mengi sana lakini gari linalala katika matope. Wakati mzuri ni mwisho wa Aprili na mwezi wa Tano. Mvua imekwisha, mlima bado umejaa maji kama sifongo, na njia inaanza kukauka. Chukueni blanketi, juu baridi ya usiku si mchezo.

Jambo la pili: kutoka Lubumbashi, kwenda na kurudi siku moja, usikubali mtu akuambie inawezekana. Unalala karibu na parke, na siku yenyewe inaanza kesho yake mbele ya jua kutoka. Na mbele ya kukodi gari pita kwanza katika ofisi ya ICCN, ile inayolinda maparke, uulize hali ya njia na usalama. Hatujasahau miaka ambayo watu walikimbia eneo la Manono, Mitwaba na Pweto, lile waliloliita pembetatu ya kifo. Kuuliza si woga.

Pale utapewa mlinzi wa kuwaongoza. Hapa ndipo nataka tukae kidogo, sababu watu wengi wa mjini wanamwona mlinzi huyu kama mtu wa kubeba mizigo, ao kama tiketi inayotembea. Wanamlipa, kisha wanampita njiani, vijana wanatangulia mbio kusudi wawe wa kwanza kugusa maji. Kama wewe ndiwe mkubwa wa kundi, kataza hilo mbele ya kuanza kutembea. Kazi ya mlinzi si kuonyesha njia tu, njia hata mtoto anaiona. Kazi yake ni kujua maji.

Maana maji ya kule yana sura nyingi, na ile nzuri si ile salama. Chini ya maporomoko, ukungu unalowesha mawe saa zote, na jiwe lenye utelezi wa kijani ni kama sabuni. Watoto wa kampi zetu wamezoea kukimbia juu ya simenti. Pale wanatembea wakishika mkono, na viatu vyenye meno chini, si sapato za Jumapili wala sandali za plastiki. Pale maji yanapogonga, povu jeupe linavuta macho. Kila kijana anataka kuingia ndani yake apigwe picha. Lakini povu ni maji yaliyochanganyika na hewa. Hayabebi mwili. Hata anayejua kuogelea anazama ndani yake kama jiwe, na maji yanayoshuka yanamsukuma chini tena kila anapojaribu kupanda. Tena kipande cha jiwe ao mti unaotoka metre 340 juu hautoi hodi.

Basi hatuogelei hapo. Tunashuka chini ya mto, pale unapokatwa na mawe makubwa na kuacha vidimbwi vyenye maji meupe, unaona changarawe chini. Mlinzi atakwenda kwanza na fimbo yake, atapima. Pengine atawaonyesha kidimbwi kimoja, kizuri kabisa, na atasema: «Apa hapana. Mayi inaonekana ya kulala, lakini chini inavuta.» Kijana wako atacheka. Umkamate. Kile kingine, kidogo, kinachofika kifuani, ndicho atakachowapa, nanyi mtafurahi humo mpaka meno yagongane, maana maji yanatoka mlimani na ni baridi.

Kuna alama moja ambayo kila mzazi aijue. Mvua inaweza kunyesha juu ya meza ya mlima, na ninyi chini mko katika jua. Mukiona maji yaliyokuwa meupe yanaanza kuwa ya udongo, ao yanaleta majani na vijiti, ao sauti ya mto imebadilika, tokeni wote, mara moja, bila kukusanya vyombo. Sufuria itanunuliwa nyingine.

Na mtu akizama? Damu yako inakuambia urukie. Kwetu Katanga, katika mito na katika mashimo ya mine yaliyojaa maji, mara nyingi tunazika wawili mahali pa mmoja: yule aliyezama na ndugu yake aliyeruka kumwokoa. Chukueni kamba ndefu na bidoni tupu ya litre 20 iliyofungwa vizuri. Bidoni hiyo inaelea na inashika mtu mzima. Fungeni bidoni kwa kamba, mtupe, mvute. Hii haina uzito katika mzigo wenu, na inafaa hata siku ya kwenda mtoni hapa hapa nyumbani.

Maji ya chini zaidi, kule tambarare, Lofoi inapokaribia Lufira, hayo ni habari nyingine. Kule kuko mamba na viboko, na maji yanalala kati ya majani. Mahali maji yanalala na majani yanaota, konokono wadogo wanakaa, na katika konokono hao unatoka ugonjwa wa bilharzia, unaoitwa pia kichocho. Mdudu wake haonekani kwa macho. Huhitaji kunywa maji. Anaingia kwa ngozi, katika dakika chache, zaidi wakati wa mchana jua likiwa kali. Kujipangusa haraka na kitambaa hakutoshi. Kama mtoto ameoga katika maji ya namna hiyo, na baada ya majuma ao miezi anakojoa damu, usimpige ukisema amekwenda kwa wasichana, wala usimpeleke kwa mganga. Mpeleke hospitali wapime mkojo na choo. Dawa iko, inaitwa praziquantel, wanaipima kwa uzito wa mtoto na anaimeza siku moja tu. Ninaandika hayo kwa urefu sababu katika vijiji vya mito yetu kuna watu wanaofikiri kijana kukojoa damu ni alama ya kuwa mwanaume.

Sasa wanyama. Watoto watauliza tangu asubuhi: tembo yuko wapi? Simba je? Usiwaahidi. Wataona nyani juu ya mawe, wakibweka kama mbwa kwa kuwafukuza. Wataona tumbili, tai wakizunguka katika upepo wa genge, na vipepeo wengi penye unyevu. Mlinzi anayejua kazi yake atawaonyesha zaidi chini kuliko mbele: kwato ya funo katika mchanga, mavi ya nyani yenye mbegu, majani yaliyolazwa pale mnyama alilala usiku. Mwache awafundishe, watoto wanapenda kusoma chini namna hiyo kuliko tunavyofikiri.

Lakini watauliza tena, na wewe utawajibu nini? Parke ya Kundelungu ilifanywa mwaka wa 1970. Upemba, jirani yake wa kaskazini, ni ya 1939. Wakati ule kulikuwa tembo, pofu, punda milia kwa makundi. Leo punda milia wa mwisho wa Congo nzima wamebaki Upemba, na ni wachache. Vita vilileta bunduki, hiyo ni kweli, na walinzi wengine wa Upemba wamekufa wakiwazuia wenye bunduki hizo. Lakini bunduki haili nyama. Nyama ya pori inakuja kwetu. Inapita usiku chini ya magunia ya makala, inauzwa katika masoko ya miji ya mine, ambako ndiko kuko feza, na tunaiita ya heshima: ya harusi, ya kupokea mgeni, ya kumshukuru mkubwa wa kazi. Nimealikwa kwenye meza za namna hiyo, na wanaonialika ni watu wazuri, wanaosema mwezi wa Sita wangependa kupeleka watoto waone wanyama.

Na yale makala juu ya gari? Nayo yanatoka upande ule ule. Mama anayepika kwa makala simlaumu hata kidogo, atapika kwa nini? Hapa kuna jambo la kushangaza kwetu sisi watu wa Katanga. Lufira nayo ilikuwa na maporomoko yake pale Mwadingusha, yaliyoitwa Cornet, kwa jina la mjiolojia Jules Cornet aliyepita nchi hii mwaka wa 1892. Tangu 1930 maji yale yaliingizwa katika mabomba kwa kufanya umeme wa viwanda vya shaba, na nyuma ya ukuta likazaliwa ziwa Tshangalele. Mitambo imefanywa upya na inatoa zaidi ya megawati 70. Maporomoko yalitolewa, shaba ikayeyushwa, na miaka zaidi ya 90 baadaye jirani ya nyaya zile zile mama anapuliza makala. Msitu unaokatwa kwa makala hayo ndio unaoshika maji ya mvua, unaoyaachilia polepole mpaka mwezi wa Saba. Ukikatwa mpaka kwenye miguu ya mlima, mito itajaa Januari na kukauka Mei.

Mueleze mtoto hayo pale pale, mkiwa mmekaa juu ya jiwe mkila bukari ya baridi na samaki. Ataelewa vizuri kuliko darasani.

Mambo ya mwisho, ya mfukoni. Malipo ya kuingia lipa ofisini na uombe risiti, usimpe mtu njiani. Mlinzi mumhesabu katika chakula tangu nyumbani, asikae kando akiwatazama mkila. Plastiki zote zirudi katika gunia mlilokuja nalo, pamoja na betri za radio. Redio yenyewe heri ibaki nyumbani, maana nyani hawaipendi na maji yana sauti yake. Jua likianza kuelekea Lufira, hesabu watoto kwa majina, si kwa vichwa, kisha mwache mlinzi atangulie. Ukifika mahali njia inapogeuka, simama ungoje wa nyuma. Pale ndipo maji yanaonekana mara ya mwisho, na kila mtu atataka kutazama.