Muvi ya Projekti Ipitie Mtaa Kabla Ifike kwa Odijo

Wasee wa film, tubonge ukweli. Kila semesta ikiisha, Nairobi inajaa muvi fupi zenye zimechekiwa na watu wachache mbaya: mbogi yenye ilizishuti, odijo mwenye aliweka maksi, na pengine mathe wa dem mwenye aliigiza. Hapo imeisha. Muvi inaingia kwa diski, inalala huko. Na hiyo muvi imekula doo ya mat, doo ya chapo na madondo ya mbogi yote, masiku za kuediti hadi mangware, na roho safi ya majirani wenye walizima redio ndio mrekodi. Inaniuma, sijifichi. Juu mara mingi muvi yenyewe haikuwa mbaya. Ilikosa tu msee hamjuani, mwenye hana deni yenu, aketi mbele yake kabla ifungwe.

Na usiskie mtu akikushow ati "hiyo ni projekti tu." Muvi fupi ya Watu Wote ilikuwa projekti ya kumaliza shule, ya Hamburg Media School huko Ujerumani. Katja Benrath na wenzake walikuja Kenya wakashuti stori ya ile basi ya Mandera ya Desemba 2015, venye abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na Wakristo mbele ya bunduki. Kiswahili na Kisomali, waigizaji wa huku. 2017 ikabeba tuzo ya wanafunzi ya Academy, halafu 2018 ikateuliwa Oscar kwa upande wa muvi fupi. Stori ni ya kwetu, sura ni za kwetu, shule ndio ya kwao. Hiyo kitu inafaa itukalie kwa akili kila saa tunapewa projekti.

Vifaa si kisingizio tena. Sean Baker alishuti Tangerine na iPhone 5s, ikaingia Sundance 2015, na huyo buda 2025 akatoka na Oscar kibao za Anora. Simu yenye iko kwa mfuko yako saa hii pengine inaishinda hiyo 5s. Dauniloadi Blackmagic Camera, ni ya bure, ufunge mwanga, fokasi na rangi na mkono yako, usiachie simu iamue. Na hii ishike vizuri, juu wengi hawachanuliwangi: stima ya Kenya inatembea 50Hz. Ukishuti ndani ya keja na taa za stima, weka fremu 25 na shata 1/50, ama hizo taa zitapepesa kwa klipu hadi macho iume, na kuitoa kwa editi ni ngori.

Kuediti, CapCut iko sawa kwa vitu za haraka, lakini kwa projekti mi ni mtu wa DaVinci Resolve. Ile ya bure inamtosha mwanafunzi. Laptopu ikikwama, tengeneza proksi, yaani kopi nyepesi za klipu, uediti na hizo, halafu saa ya kutoa muvi programu inarudi kwa klipu zenyewe. Na ukitumia wenzako WhatsApp waicheki, itume kama dokumenti, usiitume kama video. Ukiituma kama video inapondwa inakuwa ukungu, halafu mtu anaanza kulaumu kamera yako.

Saundi ndio inatumaliza. Picha ya muvi zetu imekuwa fiti hadi inashangaza, halafu unaskia boda, jogoo, choir ya jirani, na maneno ya muigizaji yamezama chini ya hizo zote. Tutarudi hapo baadaye, juu stori yangu inapitia hapo.

Sasa tufike kwa watazamaji. Sisi tuko na shule ya kusoma watazamaji na hatuitumii: kibanda ya muvi. Kama umelelewa Kayole, Mathare, Kawangware ama Kibera unajua hiyo rada. Mabati, mabenchi, skrini mbele, muvi ya kichapo yenye DJ Afro ameiwekea sauti yake juu, stelingi anapewa majina mapya, adui anatukanwa, na wasee wanaijibu skrini ni kama inawaskia. Hapo hakuna mtu anapiga makofi ya heshima. Muvi ikiboo, msee anaanza stori za ball ama anatoka nje kuvuta hewa. Ikimshika, mutura inapoa kwa mkono. Cheki hata Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga ya 2012: stelingi Mwas akiwa ocha anauza muvi, na kuziuza ni kuziigiza mbele ya watu hadi wasimame. Huyo anasoma macho ya wateja wake mapema kuliko mtu wa shule yoyote. Na hiyo muvi ilitoka kwa workshop ya mafunzo ya One Fine Day, so tusidhani mambo ya kujifunza na mambo ya mtaa ni vitu mbili tofauti.

Mbogi moja ya campo yenye najuana nayo ilibeba muvi yao hadi kibanda ya Kayole, asubuhi kabla ball ianze, wakaita watu wa base na majirani. Haikuwa imeisha. Rangi bado, muziki bado, majina ya mwisho hakuna. Stori ni ya chali wa boda anazunguka mji mzima akisaka doo ya hospitali. Nilikaa nao benchi ya nyuma.

Dakika za kwanza zilienda fiti. Chali akikimbizana na kanjo, kibanda yote ikamshangilia. Halafu ikafika sini ya hospitali, yenye mbogi ilikuwa inairingia, msichana amelala kitandani, chali amesimama na helmeti mkononi, kimya. Hapo simu zikaanza kuwaka moja moja. Mwanga ya buluu kwa sura za wasee. Mathe wa mboga mwenye alikuwa ameketi mbele akamwinamia jirani yake akauliza, bila kupunguza sauti, "Kwani huyo ni dem yake?"

Wakitoka nje mbogi ilikuwa ishaamua: sini ya hospitali ni ndefu, ikatwe nusu. Dem mwenye anaediti akakataa. Akawauliza, huyo mathe angejua aje ni sista yake? Wakarudi kwa laptopu, wakacheki mwanzo. Ile maneno ya kuonyesha ni ndugu ilikuwa mahali moja tu, msichana akiwa amepanda boda nyuma, anamwita chali "bro", na injini ya boda ilikuwa imeimeza mzima mzima. Wao waliiskia juu wao ndio waliiandika. Kibanda nzima haikuiskia. So wakafanya hivi: wakaingia chini ya blanketi ndani ya keja, msichana akaongea na simu ikirekodi karibu na mdomo, sentensi moja, "Bro, mathe alisema usinibebe mbio." Kwa picha alikuwa na helmeti, mdomo haionekani, so sauti ikakaa bila shida. Injini wakaishusha kidogo. Hospitali haikukatwa hata sekunde. Walipoionyesha watu wengine, wapya, hiyo sini ilipita simu zikiwa mfukoni.

Walter Murch, mwenye aliediti Apocalypse Now na akabeba Oscar ya kuediti na The English Patient, ameieleza hii kitu kwa kitabu yake kuhusu kuediti. Anasema mtazamaji ni ka mgonjwa mwenye anaskia uchungu kwa kiwiko, na daktari akimcheki anapata neva imebanwa huko kwa bega. Ukipasua kiwiko, umeumiza mtu na shida iko palepale. Mi naona hiyo ndio somo kubwa kuliko apu zote. Watu watakuonyesha mahali inauma. Kutafuta imeanzia wapi ni kazi yako, na mara mingi imeanzia nyuma, kwa kitu ulidhani umeshasema.

So chunga venye unauliza. Ukiuliza "imebamba?" utaambiwa imebamba, juu watu wetu wana heshima na hawataki kukuvunja roho mbele ya wenzako. Muulize akusimulie stori yenye ameona, ka anaisimulia mtu hakuwa. Halafu nyamaza. Usimrekebishe, usimweleze ati "hapo nilikuwa namaanisha". Mahali atakwama, mahali ataruka, mahali ataweka kitu hamkushuti, andika. Muulize ni wapi alitaka kushika simu. Muulize nani kwa hiyo muvi angemkopesha soo mbili. Hilo swali la mwisho linaniambia kama mhusika ameaminika kuliko fomu yenye ina nyota tano.

Fomu za Google ziko sawa ukitaka majibu ya watu wengi, lakini mtaani voisi ya WhatsApp inashinda. Mtu hatachapa aya tatu na kidole, lakini ukimwambia atume voisi akiwa kwa mat anaenda tao, atabonga hadi ashuke, na utaskia kwa sauti mahali alichoka na mahali alichangamka.

Kuna kitu ingine wachache wanafanya na inafanya kazi noma. Ukionyesha muvi, weka simu moja mbele irekodi sauti ya watu, siyo sura, sauti tu, na uwaambie kabla. Ukirudi, weka hiyo rekodi chini ya muvi kwa taimulaini ya Resolve, zianze pamoja. Sasa unacheki picha ukiskia kibanda. Hapa walicheka, hapa benchi zililia juu watu walikuwa wanajigeuza, hapa kimya ya kweli. Bonyeza M kila mahali kitu imetokea, alama inabaki. Ukifika mwisho uko na ramani ya muvi yako yenye hakuna mtu aliichora kwa adabu.

Kwa wale wako mbali, pandisha YouTube kwa ile setingi ya mwenye ako na linki pekee. Ngoja siku moja ama mbili, uingie YouTube Studio ucheki grafu ya watu wamebaki. Mahali imeporomoka ghafla, wasee wamehepa. Mahali imepanda kamlima, wamerudisha nyuma kucheki tena, na hiyo inaweza kuwa utamu ama inaweza kuwa hawakuskia. Grafu haitakushow ni gani. Hapo lazima uulize mtu. Na muziki ya msanii usiitumie hata kwa majaribio, juu YouTube inaitambua na inaweza kukufungia. Kuna Audio Library yao ya bure.

Lakini si kila mdomo ishike usukani. Mtu akisema "sikuelewa", mskize kila saa, hana sababu ya kudanganya. Mtu akisema "stelingi asidedi", hiyo ni roho yake inabonga, na pengine hiyo ndio ulikuwa unataka iume. Mkichanganya hizo mbili mtatoa muvi yenye haimkosei mtu na haimgusi mtu. Makomenti za TikTok nazo, mi huziweka mbali kabisa wakati muvi bado inaeditiwa. Hizo ni za klipu ya sekunde kadhaa, hazijui muvi yenu inaenda wapi.

Na mkifanya hizi vitu, fanyeni na heshima. Sheria ya kulinda data ya 2019 iko, so ukirekodi watu waombe ruhusa, na watoi waache nje hadi mzazi akubali. Majaribio yawe ya mwaliko. Muvi ikienda kwa umma lazima ipitie KFCB, ile bodi ya kuainisha filamu. Na lipieni watu wenu hata ka ni chai na mandazi. Mtu amekupea asubuhi yake.

Kwa maodijo niko na ombi moja, na naliomba kwa heshima. Wekeni maksi za hii kazi. Mwanafunzi akileta projekti, alete pia rekodi ya kibanda, voisi za wasee, na karatasi moja ya kueleza alibadilisha nini na alikataa kubadilisha nini, na sababu. Saa hii zinahesabiwa picha, saundi na skripti, na hiyo iko fiti, lakini mwanafunzi anaweza kupita bila msee wa nje hata mmoja kuona kazi yake.

Na wewe mwenye muvi yako iko kwa simu saa hii, haijaisha, unaona haya: hii wikendi tafuta watu watano hawajui jina lako, waketishe, ukae nyuma yao, na usiseme kitu hadi iishe.