Diski ya Kikundi Ikianza Kuugua



Mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu vikundi vyetu vinaujua vizuri. Lakini siku hizi daftari la kikundi mara nyingi si kitabu tena. Akiba za wanachama, mikopo, faini, mahudhurio na picha za mradi wa maji, vyote vimewekwa ndani ya kisanduku kidogo ambacho katibu hukichomeka kwa kompyuta. Ndiyo ile diski ya nje. Je, ikigoma siku mbili kabla ya kugawana akiba za mwaka, mtafanya nini?

Sisi wenyewe jambo hili lilitupata ofisini. Diski ilianza kuchelewa kufunguka. Tukaichomoa, tukaichomeka tena, tukaizima na kuiwasha kutwa nzima. Jioni ikakataa kabisa. Fundi alitueleza kwamba kule kuilazimisha ndiko kulikoimaliza. Kwa hivyo tumeona vyema kuwaeleza yale tuliyojifunza.

Ndani ya diski kuna nini?

Ndani mna sahani nyembamba zinazong'aa, ambazo hushika data kwa nguvu ya sumaku. Diski nyingi za kubeba mkononi huzungusha sahani hizo mara 5,400 kwa dakika. Juu ya sahani kuna kichwa kidogo cha kusomea. Kichwa hiki hakigusi sahani. Huelea juu yake, na nafasi iliyoko hapo katikati ni ndogo mara elfu nyingi kuliko unene wa unywele. Diski ikianguka huku inazunguka, kichwa huweza kuikwaruza sahani. Palipokwaruzwa, data imeenda na hairudi. Na diski ikiendelea kuzunguka, uharibifu huweza kuongezeka.

Basi kanuni kubwa ni hii: diski ikianza kuugua, msihangaike kuiponya. Okoeni kwanza kilicho ndani.

Dalili zake

Faili huchukua muda mrefu kufunguka. Kompyuta inakwama kila diski inapochomekwa. Diski inaonekana, mara inapotea. Kompyuta inaomba ruhusa ya kuifomati. Au diski inatoa sauti ya kugonga, ta, ta, ta. Hata moja tu ya dalili hizi ikitokea, acheni kazi nyingine zote.

Mfanye nini?

Kwanza, angalieni waya. Mara nyingine diski ni nzima na mbovu ni waya. Tumieni waya mwingine mfupi, na tundu jingine la USB kwenye kompyuta yenyewe. Tundu la zamani la aina ya USB 2.0 limewekewa kiwango cha miliampia 500, na la USB 3.0 miliampia 900. Diski isiyopata umeme wa kutosha inaweza kugonga au kuzimika hata kama haina ugonjwa. Jaribuni mara moja au mbili, basi.

Pili, kama bado inagonga, ichomoeni na msiiwashe tena. Hiyo inahitaji wataalamu wenye chumba kisicho na vumbi na vifaa vya kubadilisha kichwa. Gharama yake ni kubwa, kwa hiyo kamati iulize bei kwanza na kukubaliana kama data hiyo inastahili.

Tatu, kama haigongi na inafunguka, nakilini yale ya lazima kabla ya yote: daftari la akiba, mikopo, orodha ya wanachama. Faili hizi ni ndogo na zinaweza kutoka kwa dakika chache. Picha na video zingoje. Nakilini, msihamishe, na mwekeni kwa diski nyingine au flashi, kamwe si kwa diski hiyo hiyo.

Nne, ikikwama katikati, mpelekeeni fundi wa kompyuta mnayemwamini. Mwulizeni kama anajua programu inayoitwa ddrescue. Ni ya bure. Kazi yake ni kunakili diski nzima kwenda diski nyingine yenye nafasi ya kutosha. Huanza na sehemu nzima, huruka zile mbovu, kisha huzirudia mwishoni. Baadaye fundi hutafuta faili katika ile nakala, kwa programu kama TestDisk au PhotoRec, ambazo pia ni za bure. Diski yenyewe inapumzika. Fundi anayetaka kuanza kwa kuifomati, rudini nayo nyumbani.

Mambo ya kuepuka

Msikubali kufomati. Msiache kompyuta iirekebishe kabla ya kupata nakala, maana marekebisho hayo huandika juu ya diski na yanaweza kufuta kilichobaki. Msiifungue kwa bisibisi. Chembe moja ya vumbi ni kubwa kuliko ile nafasi ya kichwa. Msiigongegonge. Na msiiweke kwa friji kama wengine wanavyoshauri, kwa sababu ikitoka huko hushika unyevu.

Kumbukeni pia kwamba ndani mna namba za vitambulisho na za simu za wanachama. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka habari kama hizo zilindwe. Msiache diski kwa mtu msiyemjua.

Ikishindikana kabisa

Msikate tamaa wala msianze kumshuku katibu. Iteni mkutano. Kusanyeni kadi za wanachama, risiti, taarifa za benki na za M-Pesa, na vitabu vya zamani. Andikeni upya mbele ya wote, mwanachama mmoja baada ya mwingine, kila mtu akikubali hesabu yake. Ni kazi ya siku kadhaa, lakini inawezekana, mradi karatasi zimetunzwa. Ndiyo maana hatushauri kikundi chochote kutupa kitabu cha karatasi.

Kinga ni bora kuliko tiba

Wekeni nakala 3, kwa vyombo vya aina 2, na nakala 1 ikae nyumba nyingine. Kwa mfano: moja kwa kompyuta, moja kwa diski ya nje, na moja iliyochapishwa kwa karatasi akae nayo mweka hazina. Moto au mwizi akiingia nyumba moja, hatamaliza zote.

Maswali ya kujadili katika mkutano wenu ujao:
1. Daftari letu lina nakala ngapi, na ziko kwa nani?
2. Mara ya mwisho tulinakili lini?
3. Katibu akisafiri leo, nani mwingine anaweza kutuonyesha akiba zetu?

Kama swali la kwanza limejibiwa kwa neno "moja", nunueni flashi kabla ya mkutano mwingine.