Madhali, Pindi na Basi: Tatizo la Kufasiri Maneno ya Majaribio ya Programu

Makala haya yanahusu maneno matatu ya Kiingereza, "Given", "When" na "Then", na namna yawezavyo kufasiriwa kwa Kiswahili. Maneno hayo ndiyo nguzo za Gherkin, lugha ya kuandikia majaribio yasomwayo na Cucumber, programu huria iliyoanzishwa na Aslak Hellesøy mwaka 2008. Wazo lenyewe lilitangulia, katika kazi ya Dan North tangu 2003: mwenye kuagiza programu na mwenye kuiunda waandike kwanza, kwa lugha ya kawaida, jinsi itakavyotenda, kisha maandishi hayo hayo yawe jaribio lake.

Maneno ya msingi ya Gherkin yamo katika jedwali moja, na yeyote aweza kupendekeza nyongeza. Lugha zaidi ya 70 zimekwisha kuingizwa: Kiwelisi, Kiafrikana, na hata Kiklingoni, kilichobuniwa kwa ajili ya filamu! Lakini neno likishaingia na majaribio yakaandikwa kwalo, kuliondoa ni kuyavunja majaribio hayo.

Yafaa ieleweke kwamba mashine haiyatofautishi maneno haya matatu. Itafutapo amri inayolingana na sentensi, huliacha neno la kwanza na kulinganisha yaliyobaki. Tofauti ya maana ni ya wasomaji peke yao. Kwa hiyo tafsiri mbovu haitagunduliwa na kompyuta kamwe.

Wengi wangefasiri "Given" kuwa "ikiwa". Twaona kwamba hilo halifai, kwani "ikiwa" huleta shaka, ilhali hapa pana jambo lililokwisha kukubaliwa. "Madhali" lafaa zaidi: "Madhali msomaji ameazima kitabu." Kwa "Then", neno "ndipo" lavutia, ila hudai urejeshi katika kitenzi, "basi" halina sharti hilo: "Basi jina lake linafutwa daftarini."

Ugumu hasa umo katika "When". Tukichukua "pindi" au "wakati", kitenzi nacho hakina budi kubadilika: "Pindi msomaji arudishapo kitabu." Kiswahili huutia wakati ndani ya kitenzi, wala hakiuachi usimame peke yake mwanzoni mwa sentensi. Matokeo yake ni kwamba sentensi iliyoandikwa chini ya "pindi" haiwezi kuhamishiwa chini ya "madhali" bila kubadilishwa, na muundaji wa programu atalazimika kutunga amri mbili kwa tendo moja.

Upatanisho wa kisarufi waongeza taabu. Kiingereza mara nyingi huongeza herufi moja mwishoni mwa nomino, na chombo kimeandaliwa kuipokea au kuiacha. Kwetu, "kitabu kimoja kimerudishwa" huwa "vitabu vitatu vimerudishwa": nomino, idadi na kitenzi vyote vimegeuka, tena mwanzoni mwa neno. Njia iliyo nyepesi ni kuandika "idadi ya vitabu vilivyorudishwa ni 1", sentensi isiyo na kosa la sarufi, ingawa mkutubi hangeisema hivyo.