Kurudi Lubumbashi Baada ya Masomo ya Pwani: Mwanafunzi na Viswahili Vyake Viwili

Utangulizi

Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, habari za kwenda kusoma Dar es Salaam, Zanzibar au Nairobi zimekuwa zikizungumzwa sana miongoni mwa wanafunzi wetu wa lugha. Juu ya kwenda, washauri ni wengi. Juu ya kurudi, ni wachache, kwa kuwa hudhaniwa kwamba mtu anayerejea kwao hahitaji kuelezwa njia. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa dhana hiyo si sahihi. Tutamchukua kama mfano mwanafunzi wa Kiswahili ambaye, baada ya mwaka mmoja au miwili ya masomo pwani, anarudi kukamilisha shahada yake katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Tutaeleza kwanza hali ya anayerudi kwa jumla, pili mambo ya chuo yanayomkwaza, na tatu lile tunaloliona kuwa zito kuliko yote, yaani uhusiano wake mpya na Kiswahili cha nyumbani.

1. Bonde la pili

Mwaka 1955 mtaalamu wa Norway, Sverre Lysgaard, alichapisha uchunguzi juu ya wananchi wenzake waliokuwa wamekwenda Marekani kwa masomo. Aliona kwamba mgeni huanza kwa furaha, kisha hushuka katika unyonge, na hatimaye huzoea. Mwendo huo ukichorwa huwa na umbo la herufi U. Mwaka 1963 John na Jeanne Gullahorn waliongeza jambo moja: msafiri anaporudi kwao hupita bonde la pili, na U mbili zikiunganishwa hufanya W. Watafiti waliofuata wameonyesha kuwa si kila mtu hupita njia hiyo, na kwamba mabonde hayalingani kina. Hata hivyo, wazo lao lina faida kwetu, kwani linatukumbusha kuwa bonde la pili lipo.

Bonde hilo hushtua kwa sababu halikutazamiwa. Ugenini mtu hutazamia ugeni, na wenyeji humvumilia akikosea. Nyumbani hapewi uvumilivu huo, maana kila mmoja anamhesabu kuwa mwenyeji. Wenzake wa darasa wamekwisha kusonga mbele, na anajikuta akikaa pamoja na vijana ambao hakuanza nao. Ana mengi ya kusimulia, lakini baada ya juma moja wasikilizaji wamechoka.

2. Maneno yale yale, mambo mengine

Katika chuo, makwazo mengi hutokana na maneno ambayo sura yake ni moja na maana zake ni mbili. Kule pwani silabasi ni mpangilio wa kozi: mada, majuma na vitabu vya kusoma. Kwetu silabusi ni maandishi yenyewe ya mwalimu yaliyochapwa na kujalidiwa, ambayo mwanafunzi huyanunua na kuyasoma ili afanye mtihani. Mrejeaji aliyezoea kupewa orodha ya vitabu na kuvitafuta mwenyewe hana budi kujua kuwa hapa silabusi ndiyo kiini cha somo, ingawa ile tabia ya kuvitafuta vitabu vingine asiitupe.

Mfano wa pili ni alama L1. Katika mfumo wa zamani wa miaka mitatu ya gradua na miwili ya lisansi, L1 ulikuwa mwaka wa nne. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, mfumo wa LMD ulipoanza kuenezwa katika vyuo vya nchi nzima, L1 ni mwaka wa kwanza kabisa. Basi mtu aliye na hati za mfumo mmoja na anayeandikishwa katika mfumo mwingine aulize kila neno linamaanisha nini kabla ya kutia sahihi.

Jambo la tatu ni krediti. Mwaka mmoja wa LMD una krediti 60. Mwaka mmoja wa shahada ya kwanza Tanzania huhesabiwa kuwa na krediti 120, kwa sababu krediti yao hupimwa kwa saa chache zaidi. Anayeleta krediti 60 kutoka kule ameleta nusu mwaka, si mwaka mzima. Vivyo hivyo alama: kule hutolewa herufi, na wastani hupimwa kati ya 0 na 5; kwetu hesabu ni juu ya 20. Tofauti hizi hazina ubaya ndani yake, lakini zisipoelezwa kwa hati huweza kumpotezea mtu mwaka mzima. Kwa hiyo, kabla ya kuondoka ugenini, yafaa mwanafunzi achukue, pamoja na cheti cha matokeo, maelezo ya kila kozi yenye idadi ya saa zake.

La nne ni lugha ya kufundishia. Pwani amezoea kuchambua Kiswahili kwa Kiswahili: fonimu na mofimu, kirai na kishazi, kiima na kiarifu. Huku atatakiwa kuandika tasnifu kwa Kifaransa, ambamo kirai ni "syntagme" na kishazi ni "proposition". Ujuzi wake haujapungua, lakini hana maneno ya kuutolea. Daftari la kurasa mbili mbili, upande mmoja Kiswahili na upande wa pili Kifaransa, litamsaidia kuliko manung'uniko.

3. Kiswahili kipi ni cha nyumbani?

Makwazo hayo manne huondoka baada ya miezi michache. Lililo zito ni jingine. Mrejeaji huamka asubuhi akasikia nyumbani "batoto", "bitabu" na "ku nyumba", naye sikio lake sasa limezoea "watoto", "vitabu" na "nyumbani". Aliondoka akiwa msemaji wa lugha hiyo. Amerudi akiwa msahihishaji wake. Humrekebisha mdogo wake, kisha rafiki yake, na siku moja humrekebisha mama yake. Hapo ndipo watu huanza kunyamaza mbele yake.

Tuitazame lugha hiyo kwa jicho la sayansi. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya mji wa Zanzibar, iliyochaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928. Uchaguzi huo ulikuwa wa kiutawala na kielimu, wala haukuthibitisha kuwa lahaja nyingine zina makosa. Kiswahili cha Lubumbashi, kwa upande wake, kilikomaa katika mji ulioanzishwa mwaka 1910, ambamo wafanyakazi wa migodi walikutana kutoka Katanga, Kasai, Rwanda, Burundi na nchi iliyo leo Zambia. Kwa athari za lugha za jirani kama Kiluba, kina viambishi "ba-" na "bi-" mahali pa "wa-" na "vi-", na hutanguliza "pa", "ku" na "mu" penye "-ni" ya pwani.

Sasa, wataalamu wa isimu linganishi wameiunda upya lugha mama ya Kibantu, na humo ngeli ya pili ina "ba-", ya nane "bi-", na ngeli za mahali ni "pa-", "ku-" na "mu-". Maana yake ni kwamba "batoto" na "bitabu" hubeba umbo la kale kuliko lile la pwani. Anayeviita viharibifu huku ana shahada ya Kiswahili hajaitumia elimu yake.

4. Hasara kwa utafiti

Suala hili si la adabu tu. Tuseme mrejeaji anaandika tasnifu juu ya masimulizi ya wastaafu wa migodi, naye anakwenda Katuba au Kamalondo akiwa na kinasa sauti. Akianza kwa "Shikamoo" na kuendelea kwa lugha ya kitabu, yule mzee atafanya mojawapo ya mambo mawili: atahamia Kifaransa, au atajikaza kusema kile kiitwacho huku "Swahili bora". Katika hali zote mbili, lugha aliyokwenda kuitafuta haitaingia katika chombo.

Tukumbuke kwamba mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili cha mji wenyewe, na kwamba mwaka 1990 Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri na ufafanuzi. Kama mtu angalitangulia kuisafisha ili ifanane na sarufi ya pwani, tungalikuwa na hadithi, lakini ushahidi wa lugha ungalipotea.

Hitimisho

Hatusemi kwamba mrejeaji akitupe Kiswahili sanifu. Nchi inakihitaji katika uandishi, ufundishaji, tafsiri na shughuli za Jumuiya, na yeye ni miongoni mwa wachache waliokwenda kukichota kisimani. Tunasema kwamba kila kimoja kina mahali pake. Darasani na kwenye karatasi atumie sanifu, na awasaidie wadogo zake wa chuo wasiopata nafasi ya kusafiri. Nyumbani na mtaani arudie lugha aliyolelewa nayo, na katika majuma ya kwanza asikilize zaidi kuliko anavyosema. Sikio alilolipata ugenini litamwonyesha sasa mambo ambayo zamani hakuyasikia, kwa sababu yalikuwa karibu mno. Ayaandike. Huenda tasnifu yake ikaanzia hapo.