Njia Imekatikia Wapi? Kompyuta, Mkongo na Barabara ya Unyanyembe (Sehemu ya Tatu)

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, intaneti ilipodorora Tanzania na katika nchi kadhaa jirani, chanzo kilikuwa chini ya bahari: mikongo miwili, EASSy na Seacom, ilikuwa imepata hitilafu upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Seacom ilikuwa tayari imeharibika katika Bahari ya Shamu tangu Februari mwaka huohuo. Mtu wa Tabora aliyeketi mbele ya kompyuta mpakato siku ile hakuiona bahari. Aliona alama ya Wi-Fi imejaa na kurasa hazifunguki, na kwa kuwa kompyuta ndiyo iliyokuwa karibu, kompyuta ndiyo iliyobeba lawama. Tabia ya kukilaumu kilicho karibu huwagharimu watu fedha na mafaili yao, kwa maana programu hufutwa na kuwekwa upya, ruta hurudishwa katika hali ya kiwandani, na mashine nzima hukabidhiwa kwa fundi, kabla hajatokea hata mmoja wa kuuliza swali la lazima, yaani njia imekatikia wapi.

Sehemu zilizotangulia zimekwisha kueleza pakiti, yaani vipande vidogo vya data vinavyosafiri mtandaoni, ni nini na jinsi ruta inavyozipokea na kuzisukuma mbele, wala hapana haja ya kuyarudia. Lililobaki ni kuonyesha kwamba njia ya pakiti ina vituo, na kwamba elimu ya vituo ilikuwa mali ya Unyamwezi kabla ya waya wa kwanza kufika huku. Wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walipoingia Kaze, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, walikuwa wametumia siku 134 kutoka pwani, wakipitia vituo ambavyo wapagazi wa Kinyamwezi walivijua kwa maji yake, chakula chake na ushuru wake. Mpagazi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, karibu kilo 32. Ugogo msafara ulilipa hongo, ambayo ndiyo iliyokuwa ada ya kupita. Kisha ukaivuka Mgunda Mkali, nyika iliyoogopwa kwa ukosefu wa maji, ndipo ukaingia Unyanyembe, nchi ya Tabora. Kirangozi, aliyeutangulia msafara, hakuwa na ramani ya karatasi, lakini alijua kituo kinachofuata kina nini, na msafara ulipochelewa watu wa njiani waliweza kukisia umekwama wapi. Elimu hiyo haijapewa heshima inayoistahili katika vitabu vya shule, ambavyo bado huwataja wageni waliobebewa mizigo na kuwasahau walioibeba.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni mfuko wa barua uliotumwa kutoka Unguja kwenda kwa David Livingstone aliyekuwa akitarajiwa Ujiji, nao ulikuwa umeandikwa juu yake tarehe 1 Novemba 1870. Msafara ulioubeba ulikaa Bagamoyo miezi kadhaa pasipo kuondoka. Ulipofika Unyanyembe ulikwama tena, kwa kuwa Mirambo, mtemi wa Urambo, alikuwa ameingia vitani na Waarabu wa Tabora na kuifunga barabara ya kwenda Ujiji. Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta Livingstone, aliukuta mfuko huo Kwihara, karibu na Tabora, mwaka 1871, akajiunga na vita vya Waarabu dhidi ya Mirambo, akashuhudia wakishindwa, na mwezi Septemba akauchukua na kuzunguka kusini, kupitia Ugunda na Ukonongo. Kwa hesabu yake, mfuko ulifika mikononi mwa mwenyewe baada ya siku 365.

Wakati huo Livingstone alikuwa amerudi Ujiji kutoka Manyema, akakuta bidhaa alizotumiwa awali zimekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa azitunze. Hapo palikuwa na hitilafu tatu katika sehemu tatu tofauti za njia: Bagamoyo mzigo ulicheleweshwa kuanza safari, Unyanyembe ulizuiwa kwa kuwa mbele pamefungwa, na Ujiji mzigo wa awali ulifika salama ukapotelea mlangoni. Kwa aliyekaa mwisho wa njia, zote tatu zilikuwa na sura moja, nayo ni kwamba vitu havijafika. Livingstone alielekeza lawama zake kwa John Kirk, aliyekaimu ubalozi mdogo wa Uingereza Unguja, na Stanley akazitangaza ulimwenguni. Uchunguzi uliofuata ulimwondolea Kirk lawama, lakini jina lake lilikuwa limekwisha kuchafuka. Hayo ndiyo madhara ya kuhukumu kabla ya kupima.

Mirambo mwenyewe, ambaye wasafiri wa Kizungu walimwita jambazi, alikuwa anaeleza kwa vitendo jambo ambalo wahandisi wa mitandao hulirudia leo, kwamba hakuna njia ndefu isiyotegemea ridhaa na uzima wa kila kituo chake. Ni vema wanafunzi wa Tabora wanaopelekwa kulitazama tembe la Kwihara wasiishie kuonyeshwa mahali alipolala Livingstone, bali waelezwe pia habari za mfuko ule, kwa sababu humo mna somo la mawasiliano lililo kamili.

Waya wenyewe ulikuja baadaye. Mkongo wa simu ya maandishi uliiunganisha Unguja na Aden mwaka 1879, hata taarifa ikawa inatoka Unguja hadi London kwa muda mfupi kuliko ule ambao mjumbe alihitaji kutoka Bagamoyo hadi Ugogo. Mafundi wa mikongo ya aina hiyo hawakuufukua mkongo wote ulipokatika. Walipima umeme kutoka ufukweni na kukadiria umbali wa mahali palipoharibika, kisha meli ikatumwa papo hapo. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na leo nyaya za Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano zinaifikisha Tabora kwenye bahari ileile.

Nidhamu hiyo ya kupima kutoka ufukweni ndiyo inayotakiwa mezani, na ufukwe wa mtumiaji ni kompyuta yake. Kwanza huangaliwa simu iliyo kwenye Wi-Fi hiyohiyo, data yake ikiwa imezimwa: ikifungua kurasa, tatizo limo katika kompyuta, na mara nyingi ni hali ya ndege iliyowashwa kwa bahati mbaya, au saa iliyorudi nyuma miaka, kwa kuwa tovuti salama hukataliwa tarehe isipolingana na vyeti vyake. Kwenye Windows, mtu hufungua dirisha la amri kwa kuandika cmd, kisha huandika ipconfig. Anwani inayoanza na 169.254 ina maana kwamba kompyuta imejipa anwani yenyewe kwa sababu ruta haikuijibu, na hapo dawa ni kuisahaulisha kompyuta mtandao huo na kuunganisha upya, au kuizima ruta na kuiwasha. Anwani ikiwa ya kawaida, kama vile inayoanza na 192.168, huandikwa ping ikifuatiwa na anwani ya ruta, ambayo huonyeshwa katika mstari wa Default Gateway wa majibu yale. Amri hiyo, iliyotungwa na Mike Muuss katika maabara ya jeshi la Marekani mwaka 1983, hutuma pakiti ndogo na kusubiri irudi. Ruta ikijibu, hupimwa 8.8.8.8, anwani ya nje. Nayo ikijibu huku tovuti hazifunguki kwa majina, kilichoharibika ni DNS, daftari linalogeuza majina ya tovuti kuwa namba.

Ruta ikijibu lakini nje kukawa kimya, baada ya kuhakikisha kwamba kifurushi hakijaisha, huandikwa tracert 8.8.8.8. Amri hii hutuma pakiti zilizopewa uhai wa kituo kimoja, kisha viwili, kisha vitatu, na kila pakiti inapoishiwa uhai, kituo ilipofia hurudisha taarifa. Hivyo mistari hujipanga mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na namba ya kituo, muda kwa milisekunde na anwani yake. Nyota mahali pa muda haithibitishi kwamba kituo kimekufa, kwani viko vinavyopitisha pakiti lakini vimeamriwa visijibu. Penye shaka ni pale nyota zinapoanza na kuendelea hadi mwisho.

Siku kama ile ya Mei kipo kipimo kingine: tovuti ambazo seva zake zimo nchini huweza kufunguka ilhali za ng'ambo zimekwama, na hiyo ni dalili ya bahari. Atakayempigia simu mtoa huduma baada ya hapo anamsomea mistari ya tracert, namba ya kituo cha mwisho kilichojibu, na saa ambayo nyota zilianza.