Ndimu Haimwoshi Nguruwe

"Kamwene, Daktari. Nyama ya nguruwe inanuka, niiloweke kwa ndimu ngapi?"

Swali hili hunifikia kila mahindi yanapoanza kukauka, kutoka Kilolo hadi Mbalizi. Huulizwa na wenye leseni za kuwinda nguruwe pori, huulizwa na wauza kitimoto. Wiki iliyopita limekuja mara tatu. Wa mwisho alikuwa tayari ametumia ndimu kumi na mbili na chupa nzima ya siki kwa kilo nne za nyama. Akaikaanga. Ikanuka dume lililoogeshwa ndimu.

Najua imani hii ilikotoka: kwa samaki. Ndimu inafaa kweli kwenye usipa wa Kyela. Shombo la samaki aliyekaa hutokana kwa sehemu na kemikali za jamii ya besi, kama trimethilamini. Asidi ya ndimu huzikamata na kuzigeuza chumvi, nayo chumvi hairuki hewani kufika puani. Kazi imekwisha. Kisha mtu fulani akalihamisha somo la samaki na kulipeleka kwa nguruwe, nasi tukamwamini.

Harufu ya nguruwe dume ni jambo jingine kabisa. Ina vyanzo viwili vikubwa. Cha kwanza ni androstenoni, inayotengenezwa kwenye korodani dume linapobalehe. Cha pili ni skatoli, inayotengenezwa na bakteria wa utumbo mpana. Ndiyo hiyo hiyo inayokipa kinyesi harufu yake. Zote mbili hupenda mafuta na kujificha humo. Asidi haizivunji na maji hayazitoi. Kuloweka nyama hiyo kwenye ndimu ni sawa na kufua ovaroli ya fundi gereji kwa maji matupu: maji yatachafuka kidogo, grisi itabaki.

Wengine huongeza tangawizi, kitunguu saumu, magadi, hata pombe kali. Viungo vinafunika tu. Moto ukipanda, mafuta yanayeyuka na harufu inatoka ilikojificha. Ndiyo maana nyama haikunuka ilipokuwa baridi buchani, ikaja kunuka kikaangoni. Tena wapo watu ambao pua zao haziisikii androstenoni hata kidogo. Mchomaji anaapa kuwa nyama ni safi, mteja anasukuma sahani, na wote wawili wanasema kweli.

Kuna na dawa ya wawindaji: mkate dume korodani mara tu anapoanguka, umtoe damu yote. Kutoa damu na matumbo mapema ni usafi mzuri, endeleeni. Lakini harufu haiko kwenye damu. Imelundikana kwenye mafuta kwa miezi, na kisu cha dakika tano hakirudishi nyuma miezi hiyo. Dume huhasiwa akiwa mtoto. Kumhasi maiti hakuna maana.

Swali ambalo sijaulizwa hata mara moja ni hili: nguruwe huyu alikuwa anakula nini?

Ng'ombe ana tumbo lenye vijidudu vinavyoyageuza mafuta ya malisho kabla hayajafika mwilini, kwa hiyo chakula chake hubadilika sana njiani. Nguruwe hana ulinzi huo. Mafuta aliyokula huhifadhiwa karibu kama yalivyo. Wahispania wanalijua hili: hulisha nguruwe wao wa Iberia mbegu za mialoni tangu Oktoba, na paja lake huuzwa kwa bei ya dhahabu. Wawindaji wa dubu weusi huko Amerika Kaskazini wanalijua pia. Dubu aliyenenepa vuli kwa matunda ya porini na mbegu za mialoni ana mafuta matamu. Aliyenenepea samaki mtoni, mafuta yake yananuka samaki. Dubu naye, kama nguruwe, ana tumbo moja na hula chochote.

Nguruwe pori wetu hufuata kalenda hiyo hiyo kwa namna ya Nyanda za Juu. Mahindi yakikomaa na viazi vikijaa ardhini, hutoka msituni usiku na kunenepea wanga. Mwindaji anajua pa kumsubiri, na jike au kijana wa msimu huo ana nyama nzuri. Kiangazi kikikolea, shamba likiwa tupu, hufukua mizizi, hula minyoo na hata mizoga. Ladha hufuata. Ukimkimbiza na mbwa usiku kucha, umejiharibia mwenyewe: misuli huishiwa akiba yake ya sukari, nyama hubaki nyeusi, yenye kunata, na huoza upesi. Hapo pia ndimu haina kazi.

Bandani ni vivyo hivyo. Ukimlisha vumbi la dagaa hadi siku ya kuchinja, umenunua shombo kwa fedha yako. Mashudu ya alizeti yanayobaki na mafuta mengi, yakizidi, hufanya mafuta ya nguruwe kuwa laini na kuchacha haraka. Banda lenye matope ya kinyesi huongeza skatoli mwilini.

Basi, kwa haraka, maana nafasi inaisha. Hasi madume ndani ya wiki mbili za kwanza. Acha dagaa walau mwezi mmoja kabla ya kuchinja. Mashudu yawe kiasi. Pumba za mahindi na machicha ya pombe yasiyochacha yanafaa. Banda liwe kavu. Mwindaji: leseni kwanza, kwani hata nguruwe aliyekula mahindi yako ni mali ya umma chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009; akikusumbua, mwone afisa wanyamapori wa wilaya. Piga mara moja, pasua mapema, poza haraka. Masalia ya nguruwe pori yasifike bandani kamwe: anaweza kubeba homa ya nguruwe ya Afrika bila kuugua, na wa kwako watakwisha. Nyama yoyote ya nguruwe iive hadi ndani, kwa sababu ndimu haiui mabuu ya tegu yaliyojificha kwenye msuli.

Na kabla ya kununua dume, omba kipande cha mafuta cha ukubwa wa kidole. Kiweke kwenye kikaango cha moto, bila chumvi, bila chochote. Inama unuse. Kama una pua isiyosikia, mwite mwenzako.