Mishiri Yako Husafiri Kilomita 6,800

Ndugu mkulima, umewahi kusikia ndege ikipita juu usiku ukajiuliza inakwenda wapi? Huenda imebeba mishiri ya shamba lako.

Kutoka Nairobi hadi London, mji mkuu wa Uingereza, ni kilomita 6,800 hivi kwa njia ya ndege. Njia ya ndege ni fupi kuliko ya gari, kwa sababu haizunguki milima wala maziwa. Nairobi hadi Mombasa kwa barabara ni karibu kilomita 480. Kwa ndege ni karibu 440.

Tufanye hesabu. Mtu anayetembea kilomita 30 kila siku angefika London baada ya siku 227, yaani zaidi ya miezi saba. Ndege kubwa huenda kilomita 900 hivi kwa saa. Gawanya 6,800 kwa 900. Utapata saa saba na nusu. Ongeza muda wa kupaa, kutua na kupambana na upepo. Safari huwa saa nane hadi tisa.

Kahawa na chai huenda kwa meli kwa majuma kadhaa bila kuoza, kwa sababu zimekaushwa. Mishiri haiwezi. Hata baada ya kuchumwa huendelea kupumua na kupoteza maji. Joto likizidi, hunyauka upesi.

Msimu mmoja mama wa eneo langu alichuma mishiri saa moja asubuhi. Akaacha kreti juani akingoja gari mpaka saa nane. Mishiri ikalegea, na mnunuzi akaikataa yote. Fedha hizo alizitegemea kulipa karo ya watoto.

Akaniuliza, "Bwana shamba, ikiwa ndege huchukua saa tisa, saa saba zangu zina ubaya gani?"

Nikamjibu, "Mama, mishiri hupoozwa kabla ya kupanda ndege, na safarini hukaa penye baridi. Yako ilikaa juani."

Msimu uliofuata alijenga kibanda cha nyasi kando ya shamba. Mishiri yake ikapokelewa.

Nawe fanya hivi:

1. Chuma asubuhi mapema, umande ukishakauka.
2. Tumia kreti safi. Usishindilie.
3. Weka kreti kivulini mara moja.
4. Peleka mahali pa kukusanyia siku hiyo hiyo.
5. Soma karatasi ya dawa ya wadudu. Ikiwa imeandikwa ungoje siku saba, ngoja siku saba ndipo uchume. Mishiri yenye mabaki ya dawa yanayozidi kiwango huweza kukataliwa hata ikiwa imefika Ulaya.

Ndege hulipwa kwa kilo, na kwa bei kubwa. Hakuna mnunuzi atakayelipia safari ya mishiri iliyonyauka. Kwa hiyo usianze kuhesabu safari kutoka uwanja wa ndege. Anza kuihesabu shambani kwako, tangu unapochuma mshiri wa kwanza.